Khocha Aliniuliza Napata Ngapi kwa Wastani

Wasee, kuna swali lilinipata Lugulu Desemba na bado linaniuma. Tumekaa nje kwa kukhu, chai imemiminwa, khocha ananiangalia. "Wewe mwana wa dada yangu, hii kazi yako ya simu inakuletea ngapi kwa mwezi? Kwa wastani."

Nikasema elfu kumi.

Akacheka. "Boda hapa stejini inaleta hiyo. Na mama yako hangeuza ng'ombe ndio uende ukaache chuo."

Kimya. Hata kukhu aliangalia kikombe chake.

Shida ni kwamba elfu kumi ilikuwa ukweli, na bado haikusema kitu. Chukua watu wawili. Mmoja anapata 10,000 kila mwezi. Mwingine anakaa miezi kumi na moja mikono mitupu, halafu Desemba video inashika, anapata 120,000. Wastani ni uleule. Maisha ni tofauti kabisa.

Wanahisabati hawaishii kwa wastani. Wanazidisha kila namba kwa yenyewe, halafu wanatafuta wastani wa hizo mpya. Ukihesabu kwa maelfu, wa kwanza anapata 100, wa pili 1,200. Tayari wameachana. Fanya hivyo kwa kipeo cha tatu, cha nne, bila kukoma: hizo zote zinaitwa momenti. Sasa swali: ukipewa momenti zote, unaweza kujua mgawanyo wa uwezekano uliozizaa?

Mtu aliyelichimba hili swali ni Thomas Stieltjes, Mholanzi aliyezaliwa 1856. Na buda, alianguka mitihani ya chuo kule Delft, juu alikuwa anajifungia maktaba akisoma Gauss na Jacobi badala ya kwenda darasani. Mwaka 1877 akapata kazi ya usaidizi kwa kituo cha kuangalia nyota, Leiden. Kazi yake kuhusu momenti ilitoka 1894, mwaka aliofariki, akiwa na miaka 38. Jibu lake: si kila wakati.

Mfano unaonishika unatoka kwa kalkulasi ya q. Kalkulasi ya kawaida inateleza. Hii inaruka kwa kuzidisha. Ukiweka q iwe nusu, unakanyaga 1, 2, 4, 8 kwenda juu, na nusu, robo kwenda chini. Weka uwezekano kwa hizo ngazi pekee, ukiupunguza haraka unavyoenda mbali na 1, na katikati usiweke kitu. Halafu kuna mgawanyo wa logi-nomali, ambao hauna pengo hata moja, kama mteremko wa Chetambe. Ukiupima sawasawa, momenti zake zote zinalingana na za ile ngazi. Zote! Ya n ni 2 kwa kipeo cha nusu ya n mraba. Ngazi na mteremko, na namba haziwezi kukwambia umesimama kwa gani.

Hapo nilitaka kusimama nimwambie khocha, "Unaona? Namba haziwezi kunijua!"

Lakini hiyo ingekuwa ujanja. Hii shida inakuja pale namba hazina kikomo na momenti zinapaa kupita kiasi. Kwa vitu vyenye kikomo, kama alama za mtihani, 0 hadi 100, Hausdorff alishaonyesha 1921 kwamba momenti zote zinatosha. Na pesa zangu za mwaka mmoja ni miezi kumi na miwili tu. Stieltjes hakuandika ili mimi nijifiche nyuma yake. Wengi wetu tulioacha chuo tunapenda kusema "mimi si namba", na mara nyingi hatutaki tu mtu azione.

Kwa hivyo nilichofanya ni kitu kidogo. Nilifungua taarifa yangu ya M-Pesa, mwezi baada ya mwezi, nikampa khocha simu. Si wastani, orodha yenyewe.

Alisoma polepole, akisukuma na kidole gumba. Hakucheka tena. Alifika mahali akasimama.

"Februari hakuna kitu hapa."

"Ndio, khocha."

"Sasa Februari ulikuwa unakula nini?"

Tangu niache chuo, hilo ndilo swali la kwanza mtu wa nyumbani ameniuliza ambalo wastani haungeweza kulijibu.