Keria ya kukodi na gunia la bibi

Gari lina siti saba, na kwa miaka miwili familia hii ya Mbagala iliamini kwamba siti saba zinatosha watu saba. Zinatosha kweli, ilimradi watu hao hawana mabegi. Ukiinua zile siti mbili za nyuma kabisa, buti linabaki na nafasi ya mwavuli na jozi mbili za kandambili.

Desemba shule zilipofungwa, hesabu hiyo ilianza kumsumbua mama. Walikuwa wanakwenda Matambarale, baba, mama na watoto wanne, mkubwa ana miaka 14 na mdogo mitatu. Kwenda wangekuwa sita. Kurudi wangekuwa saba, kwa sababu bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa anakuja Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshajaa ukungu, na la kushoto lilikuwa linafuata. Miadi ya hospitali ilikuwa Jumanne. Siti ya bibi haikuwa na mjadala.

Wazo la kwanza la baba lilikuwa lile la wazazi wengi: mdogo apakatwe, mabegi yakae kwenye siti yake. Mama alikataa palepale. Mtoto anayepakatwa hana mkanda, na gari likifunga breki ghafla hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia, hata kama mzazi mwenyewe hubeba ndoo mbili za maji kila asubuhi. Na safari ni ya zaidi ya kilomita 500.

"Begi ndilo lipande juu," alisema. "Mtoto akae."

Kununua keria kwa safari ya mara moja kwa mwaka hakukuwa na maana. Ila wengi hawajui kwamba keria hukodishwa. Fundi wa gereji iliyo mtaa wa pili alikuwa nazo tatu zimetundikwa ukutani, na bei yake ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, pamoja na dhamana ya 100,000 inayorudishwa keria ikirudi nzima. Kwa siku sita, 60,000. Baba alijaribu kupunguziwa, fundi akacheka tu, akaendelea kukaza nati.

Paa la gari lao halina reli, kwa hiyo fundi aliwapa ile yenye miguu minne inayobana kwenye kingo za juu za milango. Alikata vipande vya mpira akaviweka chini ya kila mguu ili rangi isikwanguliwe. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Mnapakia nini?"

Mama akataja: katoni mbili za sabuni, sukari kilo 20, mchele, mabegi ya nguo, na godoro jipya la bibi.

Fundi alitikisa kichwa tangu kwenye sabuni. Vitu vizito, alisema, vikae chini, sakafuni na kwenye buti. Juu ni kwa vyepesi: nguo, mablanketi, vyandarua. Paa la gari dogo halikutengenezwa kubeba kama kichanja cha lori. Kwa gari la namna ile yeye huweka mwisho kilo 75, na keria yenyewe ina kilo 16.

"Mna 59 za kwenu. Andika, mama, utasahau."

Mama akaandika kwenye simu. Kiasi hicho hutofautiana. Magari mengi madogo kikomo chake kiko kati ya kilo 50 na 100, na huandikwa kwenye kitabu cha gari. Shida ni kwamba magari yetu mengi yametoka Japan, na kitabu, kama hakijapotea, kiko kwa Kijapani. Uzito ukikaa juu gari huyumba kwenye kona na huchelewa kusimama, na dereva hujua hilo siku mbuzi anapokatiza barabara.

Kuhusu godoro fundi hakutaka hata kusikia. Godoro juu ya gari hugeuka tanga. Upepo ukiingia chini yake, litaondoka na keria na dhamana. Bibi angelala kwenye kitanda chake cha kamba kama siku zote, na godoro lingemsubiri Mbagala.

Waliondoka saa kumi na moja alfajiri. Nguo zilikuwa kwenye mifuko ya nailoni ndani ya mabegi, turubai juu, mikanda miwili ya kukaza ikipita kwa upana na mmoja kwa urefu. Fundi aliwaambia wasimame baada ya kilomita 50 wakaze upya. Baba alisimama Mkuranga kabla ya hapo, kwa sababu ya kelele: keria ilikuwa inapiga mluzi, na mdogo alikuwa anauliza nani anapuliza filimbi. Mkanda mmoja ulikuwa umelegea kweli. Mluzi wenyewe haukuisha. Ni upepo tu, na baada ya Kibiti kila mtu aliuzoea.

Daraja la Mkapa walilivuka watoto wakiwa wamelala, na baba akasikitika. Alitaka kuwaonyesha Mto Rufiji, awasimulie kivuko cha Ndundu, namna magari yalivyopanga foleni kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, na namna safari ya kusini wakati wa masika ilivyokuwa ya kubeba na sufuria. Walipofika eneo la Somanga alimsimulia mke wake badala yake, na hapo kulikuwa na la karibu zaidi la kusimulia: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii na abiria wakakwama. Mama akaangalia mawingu, akaomba waendelee.

Nangurukuru walikunywa chai. Mafuta yalikuwa yamekwenda kuliko kawaida, jambo la kutarajia ukibeba kitu kinachopingana na upepo. Kona ya Nanganga waliipata jua limeanza kulegea, wakaingia Ruangwa, na mwisho kile kipande cha vumbi ambacho baba alikiendesha polepole kama anayebeba mayai. Wazee wa kule wakizungumza wakati mwingine utawasikia wakisema bado wako Nachingwea, kwa kuwa Ruangwa ilimegwa kutoka huko, na barua ya zamani ya baba kutoka shuleni ina anwani hiyo.

Siku nne zilipita kwa maembe na usingizi. Bibi alimwita mjukuu wa kiume mume wake, akamwita yule wa miaka 14 mke mwenza, akamlaumu kwamba anampikia mume chai isiyo na sukari. Ugomvi wa kweli ulikuja Jumamosi jioni.

Bibi alikuwa ameandaa mzigo wake. Gunia la mbaazi za shamba lake. Kiroba cha makopa. Korosho zilizokwisha kubanguliwa na kukaangwa, kopo zima. (Ghafi hakuthubutu, korosho ghafi huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika, na gunia lake juu ya gari la Dar lingeulizwa maswali kwenye kila kizuizi.) Ndoo mbili za maembe. Jogoo mmoja, miguu imefungwa, akiwatazama wote kwa dharau.

"Mama, gari halibebi yote haya," baba alisema.

"Na lile dude juu ya gari ni la nini?"

Baba akaeleza habari ya kilo 59. Bibi akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba yeye hajawahi kufika kwa watu mikono mitupu, na kama ni hivyo basi na macho yabaki yalivyo. Akaingia ndani.

Watu wa mjini hukosea hapo. Hudhani wazee wanang'ang'ania magunia kwa kutojua kwamba mbaazi zinauzwa Mbagala. Bibi anajua. Alikuwa anakwenda kuwa mgonjwa katika nyumba ya mkwewe, kuogeshwa, kuongozwa chooni, kuwekewa dawa machoni. Gunia lile lilikuwa heshima yake pale mezani. Mkwewe alilielewa hilo kabla ya mumewe, na ndiye aliyesema wamwite mjomba.

Kwa Wamwera neno la mjomba lina uzito wake. Mzee huyo, kaka wa bibi, alikuja taratibu, akaitikia shikamoo za watoto mmoja mmoja, akauliza kikomo ni kilo ngapi. Kisha akatuma kijana dukani kuazima mizani ya kuning'iniza.

Mizani ikafungwa kwenye tawi la mwembe na nusu ya majirani wakasogea. Mabegi ya familia yalikuwa kilo 24. Begi la bibi, kanga na magauni yake na koti la baridi, kilo 7. Mbaazi 48. Makopa 21. Yule wa miaka 14 alikuwa anajumlisha kwenye simu, akatangaza: mia moja kamili. Jogoo hakupimwa, mama alisema hapandi keria wala hapandi siti, na mjomba akakubali kumtunza.

Kilo 59 toa 24, toa 7: zinabaki 28. Mjomba akaamua. Makopa kilo 10 yaende, mengine abaki nayo yeye. Mbaazi kilo 18 ziende na bibi, zinazobaki yeye mwenyewe atazipandisha basi wiki hiyo na watazipokea Rangi Tatu. Korosho na maembe ya ndoo moja yakae ndani, miguuni mwa watoto. Bibi alitoka, akaguswa mkono na kaka yake, akasema sawa. Alisema haraka mno, ukifikiria vizuri.

Alfajiri ya Jumapili baba alikaza mikanda kwa mwanga wa simu. Viroba vilikuwa vimepangwa tayari mlangoni, hakuvipima tena.

Nangurukuru mvua ilikuwa imenyesha na kaubaridi kameingia. Mama alitaka koti la bibi. Baba akafungua turubai, akatafuta, akafunga, akafungua tena upande wa pili. Begi la bibi halikuwepo. Kiroba cha mbaazi kilikuwa kinene kuliko cha jana.

"Mama, begi lako liko wapi?"

Bibi alikuwa ameketi siti ya katikati, mkanda umefungwa, kopo la korosho mapajani. "Nyumbani."

"Nyumbani kivipi?"

"Nimelitoa kilo saba, nikaongeza mbaazi kilo saba. Shemeji yako wa dukani amenishikia mizani usiku." Akageuza uso kuelekea sauti ya mwanawe. "Kilo ni zilezile, baba. Sijakuharibia gari lako."

Mama alicheka hadi akalazimika kushika mlango. Kisha akafungua begi lake mwenyewe, akatoa kanga mbili, akamfunika nazo.

Waliingia Mbagala saa moja usiku. Jumatatu baba alirudisha keria. Fundi aliizungusha, akakagua miguu yote minne, akaokota punje mbili za mbaazi kwenye kona ya wavu na kuzitia mfukoni, akahesabu dhamana. Jumanne bibi alikwenda hospitali na gauni la mkwewe. Jumatano alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia.

Ijumaa mjomba alipiga simu kwamba mzigo umepanda basi. Baba na yule wa miaka 14 wakaufuata Rangi Tatu, wakarudi na kiroba cha kilo 23 na begi la nguo lililofungwa kwa kamba ya katani. Waliingia navyo sebuleni, wakamwambia bibi kanga zake zimefika.

"Weka hapo mlangoni. Kiroba kilete."

Kikaletwa hadi kwenye kochi. Hakukitazama, alikipapasa kwa vidole mpaka akalipata fundo la juu, akalivuta kidogo, akalizungusha.

"Halijafunguliwa," alisema. "Mwite mama yako alete ungo."