Waya ya Tatu: Safari ya Kamalondo

Mwezi huu ninataka kuwapeleka safari fupi, kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, kilometa karibu 120 tu. Tulikuwa watu wawili, mimi na kijana mupiga gitari wa korali. Muzigo wetu ulikuwa moja: ampli ya zamani, ya lampi, uzito wake zaidi ya kilo 30.

Ile ampli inaitwa Vox AC30. Aina hii ilianza kutengenezwa karibu mwaka 1959 kule Dartford, Uingereza. Ndani yake hamna transista. Muna lampi za kioo zinazowaka nyekundu kidogo kama makaa. Vijana wetu wanaipenda sana. Na sishangai, sababu Likasi ni muji wa gitari: ni hapa, wakati ungali unaitwa Jadotville, ndipo Jean-Bosco Mwenda wa Bunkeya alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952.

Lakini ampli yetu ilianza kuvuma kama nyuki. Kiisha, siku moja ya posho, wakati wa mazoezi, huyu kijana alishika nyuzi za gitari kwa mukono mumoja, na kwa mukono mwingine akashika mikro. Kuran ikamukamata. Hakuweza kuachilia. Mwenzake alikuwa na akili: hakumugusa, alikimbia kuchomoa prizi. Kijana akaanguka chini, akalala pale kidogo, halafu akafungua macho. Mungu asifiwe.

Kamati ikagawanyika. Wengine walisema itupwe. Wengine walisema tuifungue wenyewe na turnevisi. Mimi nikasema: twende kwa fundi.

Siku tatu nyuma tukapanda basi. Njiani tulipishana na makamio mengi yaliyobeba bamba za shaba, yakienda Kasumbalesa kwa mupaka. Kijana aliyahesabu mpaka akachoka. Alipoona bomba refu la moshi la Lubumbashi na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, akasema, « Pasta, shaba yote hii inaenda, siye tunabaki na nini? » Sikuwa na jibu.

Fundi anakaa Kamalondo, ile komini ya zamani ya wapiga muziki, ambamo leo uwanja wa TP Mazembe unasimama. Ni muzee. Kazi ya umeme aliifunza mu atelier ya mugodi. Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Kiisha mugodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, na kazi ikapunguka sana. Wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Yeye alirudi na ufundi wake, akafungua meza chini ya muembe.

Nilifikiri ataanza kutazama lampi. Hapana. Alishika kamba ya kuran, akaifuata kwa vidole mpaka ku prizi.

« Hapa kulikuwa waya tatu. Ya tatu, ya ardhi, nani aliikata? »

Kijana akatazama chini. Wapendwa, ni mimi niliruhusu. Prizi ile ya ukuta wa kanisa ilikuwa na matundu mawili tu. Mutu alinambia, « Pasta, tukate hii ya tatu, haina kazi. » Nikajibu, « Kata. » Sikuuliza mutu anayejua.

« Nilikuwa mimi, Baba, » nikasema.

Muzee hakunigombeza. Alifungua sanduku, akatuonyesha: ngozi ya waya moja ya kuran ilikauka kwa moto wa miaka mingi, ikapasuka, na shaba yake ikagusa chuma cha ampli. Chuma kile kinaungana na nyuzi za gitari. Mikro ilifungwa ku prizi ingine yenye waya ya ardhi. Kijana alikuwa daraja katikati. Kama waya ya tatu ingekuwa pale, kuran ingepita kwake, fizibli ingekatika, na kijana asingejua kitu.

« Sasa tazama, mwanangu, » akamwita kijana. « Mu hii ampli muna zaidi ya volti 300. Kondensateri zinaweza kuzichunga hata kama umechomoa prizi. »

Tulimwambia haijaguswa tangu siku tatu. Akacheka: « Meta njo inasema, si kalenda. » Akapima. Akaunganisha kipinga-kuran kwa kumaliza kilichobaki, akapima tena mpaka sifuri. Ndipo akaingiza mukono.

Alitufasiria kazi ya lampi kwa urahisi. Ndani ya kioo hamna hewa. Kipande kimoja kinapashwa moto, kinatoa chembe ndogo za umeme zinazokimbilia sahani. Katikati kuna wavu, kama mulango: sauti ndogo ya gitari inafungua na kufunga mulango, na nguvu kubwa inapita kwa mwendo uleule.

Kuvuma kulitoka ku kondensateri kubwa za kusafisha kuran, zilikauka. Kondensateri zingine ndogo zilikuwa zinavuja, na lampi nne za nguvu, zile za EL84, zilifanya kazi kupita kipimo. Mbili zilichoka. Hii namna ya lampi inatengenezwa hata leo, kule Urusi na Slovakia. Aliondoa vyote vibaya, akasudea vipya, akaweka kamba ya waya tatu.

Kwa kuwasha, alipitisha kuran kwanza mu balbu ya wati 100, na spika ikiwa imefungwa, sababu ampli ya lampi haiwashwi bila spika: transfo inaweza kuungua. Kama balbu ingebaki ikiwaka kwa nguvu, kungekuwa kosa. Iliwaka, kiisha ikapunguka. Kijana akapiga nota moja. Watoto wa jirani wakaja kusikiliza.

Tuliporudi, ampli haikuwashwa mu kanisa siku ya yenga ile. Fundi alitukataza. Kwanza tulipiga fimbo ya shaba mu udongo nyuma ya kanisa, fundi wa umeme akavuta waya yake ku prizi zote, akaweka na dijonkteri diferansieli. Ilitukula makuta, na viti vipya vya plastiki vikangoja. Leo kijana anarudi Kamalondo kila mwisho wa mwezi, kujifunza kwa muzee wakati angali na nguvu.

Siku moja aliniambia, « Pasta, shaba kidogo imebaki. » Alikuwa anaonyesha ile fimbo.

Basi, ndugu zangu wachungaji na wakubwa wa korali: mbele ya mazoezi ya posho inayokuja, tazameni kamba zenu. Hesabuni waya. Na kama hamujui kazi ya kitu, musikate.