Kabla ya kupanga reli, mtazame dereva

Watu wengi wanaojenga reli ndogo ya kuchezea nyumbani huanza na mandhari. Mlima ukae wapi, handaki lipite wapi, stesheni iwe na ukubwa gani. Swali la nani ataiendesha treni huja mwisho, na mara nyingine haliulizwi kabisa.

Kwa mwanamuziki Neil Young, swali hilo lilibidi liwe la kwanza.

Mwanawe Ben alizaliwa mwaka 1978 akiwa na mtindio wa ubongo. Hali hii hutokea ubongo unapoathirika kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, ukashindwa kuiongoza misuli sawasawa. Ben hatembei, hazungumzi, na mikono yake haimtii.

Miaka ya mwanzo, Young na mkewe Pegi walijitosa kwenye programu ya mazoezi iliyochukua saa nyingi kila siku. Mzazi mwenye mtoto wa aina hii anaifahamu hali hiyo. Kila dakika inageuka kuwa tiba, na kucheza kunasahaulika.

Baadaye zikaja treni. Young alizipenda tangu utotoni, hasa za Lionel, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1900. Shambani kwake California alitenga jengo zima, akajenga reli humo Ben akiwa pamoja naye. Magogo ya miti mikubwa yakawa milima.

Tatizo likabaki moja. Treni hizo ziliendeshwa kwa mkono wa transfoma, unaosogezwa taratibu ili treni iongeze au ipunguze mwendo. Bila vidole vyepesi huwezi. Baba angeweza kuendesha mwenyewe, mtoto akatazama, na wengi wangeishia hapo.

Young hakutaka Ben awe mtazamaji. Akishirikiana na mafundi, alipata njia ya kuendesha treni kwa kitufe kikubwa chekundu. Mtoto akikibonyeza kwa mwili alionao, treni inamtii.

Kazi hiyo haikuishia kwa Ben. Mwaka 1992 Young alishiriki kuanzisha kampuni ya Liontech, iliyotengeneza mfumo wa kuongoza treni za Lionel kwa rimoti isiyo na waya. Mwaka 1995 akawa mmoja wa wamiliki wa Lionel yenyewe. Watoto wengi wasio na ulemavu wowote wamecheza na teknolojia iliyosukumwa na haja ya mtoto mmoja.

Mpango wa namna hii una mtiririko wake. Kwanza anatazamwa mtoto: ni kiungo gani anakiamrisha vizuri zaidi, mkono, kichwa au mguu? Swichi inawekwa hapo.

Kisha inapimwa njia. Kiti mwendo kipite na kugeuka bila kugonga kitu, na meza iache nafasi ya magoti. Urefu wa meza uendane na macho ya mtoto akiwa ameketi. Akiona mapaa ya mabehewa tu, au miguu ya meza tu, hamu itamwisha mapema.

Tatu ni ufikiaji. Treni huacha reli, tena mara nyingi, kwa hiyo kila kipande kiwe karibu na mkono wa atakayeirudisha. Kona nazo ziwe pana, maana zilizobana ndizo huangusha mabehewa. Milima na nyumba vinafuata mwishoni, vikijaza nafasi iliyobaki.

Mzazi wa Mbeya au Mombasa huenda asinunue treni ya Lionel maishani mwake. Lakini gari la waya au la makopo linatengenezwa kila mtaa, na usukani wake unaweza kufanywa mnene kwa kuzungushiwa kitambaa, ili mkono uliokakamaa uweze kuushika. Kamba ya kuvutia inaweza kufungwa kwenye kiti cha mtoto badala ya kushikwa na kaka yake.

Kitufe chekundu hakikumponya Ben. Mtindio wa ubongo hauna tiba ya kuuondoa, na baba yake alilijua hilo. Ila mtoto ambaye tangu asubuhi huvalishwa, hulishwa na hubebwa na wengine, kwa dakika kadhaa yeye ndiye aliyeamua treni iondoke saa ngapi.