Miguu ya Mbele ya Morris

Bwana Mhariri ameniandikia mara mbili akiniomba jambo la kutia katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu. Asema kwamba wazee wa shule wanaoandika ni wachache, na hao wachache wote huandika juu ya mpira. Mimi mpira sikuucheza vema. Basi nitaandika juu ya motakaa, na hasa juu ya miguu yake ya mbele na usukani wake, kwa sababu jambo lililonipata mwaka 2018 lilinifunza kwa aibu, na huenda mmoja wenu naye atarithi gari kuukuu kama nilivyorithi mimi.

Baba yangu alikuwa karani wa stoo za Reli huko Tororo, zamani za Reli ya Afrika ya Mashariki. Ndiyo sababu nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, maana katika nyumba za reli watu wa makabila mengi walikaa mlango kwa mlango, na watoto hawakungoja kufundishwa. Mwaka 1964 alinunua Morris Minor 1000 ya kijivu, iliyotengenezwa mwaka 1961, mwenyewe wa kwanza akiwa amerudi kwao Ulaya. Motakaa hiyo ilitupeleka sote shuleni kwa zamu, na mimi nikaletwa hapa ndani yake mwaka 1972, sanduku langu la bati likiwa limefungwa juu kwa kamba ya katani. Mwaka 1979, vita vilipokaribia, Baba aliondoa magurudumu yote manne akayazika nyuma ya jiko chini ya kuni. Askari walikuja, wakaiona imekaa juu ya matofali, wakacheka, wakaenda zao.

Nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kushika taa Baba alipotia grisi. Kila maili 1000, hata kama ni siku ya mvua, aliingia chini na bomba lake la grisi, kisha akaandika katika daftari la stoo lenye jalada jeusi. Mwaka 2003 macho yake yalipopungua nguvu, alinipa ufunguo, bomba na daftari. Ufunguo na bomba nilivitumia. Daftari nililitia katika sanduku la gari, chini ya matambara, wala sikulifungua.

Sasa niwaeleze gari lenyewe limesimamaje, maana bila hayo hamtafahamu kosa langu. Morris Minor ilibuniwa na Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini, ikaonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1948. Ilikuwa motakaa ya kwanza ya Kiingereza kupita idadi ya milioni moja. Usukani wake ni wa reki, yaani mwenzo wa chuma wenye meno unaosukumwa kushoto na kulia na gurudumu dogo la meno lililo mwisho wa mti wa usukani. Siku hizo magari mengi yalikuwa bado na sanduku la usukani lenye mikono mingi, na kila kiungo kilichoongezwa kilikuwa mahali pengine pa kulegea. Reki haina viungo vingi. Ndiyo maana hata leo Morris iliyotunzwa hufuata mkono wa dereva kama baiskeli.

Springi zake za mbele hazina umbo la springi mnazozijua. Ni fimbo mbili ndefu za chuma, moja kila upande, zimelala chini ya sakafu kwa urefu wa gari. Ncha ya nyuma imefungwa isigeuke. Ncha ya mbele imeshikwa na mkono wa chini wa gurudumu. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, mkono huisokota fimbo kama mtu akamuavyo nguo. Likishuka, fimbo hujinyoosha. Mkono wa juu nao ni jambo la ajabu kidogo, kwa kuwa ni mkono wa shokomzoba yenyewe, kisanduku cha chuma chenye mafuta ndani.

Kati ya mikono hiyo miwili husimama kingipini, ule mguu unaobeba gurudumu na kugeuka pamoja nalo. Juu na chini umekatwa hesi kama skrubu, na kila ncha imeingia katika kipande kiitwacho tranioni chenye hesi ndani yake. Tazameni basi: uzito wa upande ule wa mbele huning'inia katika hesi za tranioni ya chini. Hakuna kitu kingine chini yake cha kuukinga. Hesi zikiliwa zikaisha, tranioni huchomoka, mwili wa gari huanguka, na gurudumu hulala ubavu chini ya madigadi.

Ndivyo ilivyotokea. Nilikuwa nimewapeleka wazazi wangu Mbale, Mama akatazamwe macho. Baba alikuwa na miaka 88, Mama 82. Tulirudi Tororo mchana, mwendo kama wa maili 45 kwa saa, tukipishana na malori marefu yaendayo kaskazini, na upepo wa kila lori ukitusukuma kando. Nilihisi usukani una uzito fulani ukigeuzwa kushoto, nikasema moyoni ni tairi. Tulipofika langoni kwetu nikapunguza mwendo, nikakata kona, nikasikia mlio kama wa chungu kinachoanguka juu ya sakafu. Pua ya gari ikashuka upande wa kushoto, tukasimama.

Hakuna aliyeumia. Chupa ya dawa ya macho ilivunjika, basi. Lakini sote watatu tulikuwa tumekwisha fanya hesabu ile ile: nusu saa nyuma tungalikuwa chini ya lori. Mama alishuka, akakung'uta gauni lake, akasema kwa upole kwamba hatapanda tena motakaa hiyo maadamu yu hai. Baba hakusema neno juu ya gurudumu. Aliuliza, "Daftari liko wapi?"

Nikalitoa chini ya matambara. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwandiko wake, Desemba 2002. Nikajitetea, "Baba, grisi nimetia kila mara, ila sikuandika." Na kweli nilikuwa nimetia. Akanionyesha safu ya pembeni kabisa. Katika kila mstari, tangu mwaka 1964, palikuwa na herufi moja: J. Mimi nilikuwa nimeiona zamani nikadhani ni Jumamosi, kwa kuwa karibu kazi zote zilifanywa Jumamosi.

"J ni jeki," akasema Baba.

Siku ya pili nilifungua tranioni ile nikaelewa. Nusu ya kila hesi ilikuwa imejaa grisi nyingi nyeusi. Nusu ya pili, ule upande unaobeba uzito, ilikuwa kavu, imesuguliwa hata kung'aa kama makali ya kisu. Gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, uzito huzibana hesi upande mmoja, na grisi haina njia ya kupita hapo. Huenda penye nafasi, ikatokea, nawe ukiiona inatoka husema kazi imekwisha. Ukiinua gari kwa jeki gurudumu likaning'inia, hesi huachana na grisi huzunguka kote. Miaka kumi na mitano nililala chini ya gari hilo nikilipaka mafuta mahali pasipohitaji, kwa uvivu wa kutoa jeki nyuma.

Sasa nini cha kufanya? Kila mtu alikuwa na shauri. Fundi mmoja wa mjini, mtu hodari, alisema, "Mzee, kata mbele yote, tuunge miguu ya gari la Kijapani, boljointi zake utapata duka lolote." Sitamcheka. Hata Issigonis mwenyewe aliona gari lake la majaribio ni jembamba, akaamuru lipasuliwe kwa msumeno katikati toka mbele hata nyuma, nusu hizo zikatengwa inchi nne, ndipo akaridhika. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba gari la zamani ni kitu kitakatifu kisichoguswa.

Lakini mwenzangu mmoja wa darasa letu alikwisha fanya shauri hilo kwa gari lake, nami nililiendesha. Katika lami lilikuwa zuri. Katika barabara ya udongo lilijiendesha lenyewe: kila shimo likavuta usukani mkononi. Sababu si uchawi. Gurudumu linapopanda na kushuka, mkono wake huchora sehemu ya duara. Fimbo ya usukani inayoshika gurudumu hilo nayo huchora duara lake. Vikiwa vimepimwa kuanza mahali panapolingana, duara hizo huenda pamoja. Ukichukua miguu ya gari moja na reki ya gari jingine bila kupima, duara hupishana, na kila gurudumu likipanda, fimbo hulisukuma au kulivuta ligeuke, ingawa dereva hakugeuza kitu. Kuunga chuma kulifanywa vizuri sana. Kupima ndiko hakukufanywa.

Niliamua kuiacha mifupa ya Morris kama ilivyo na kubadili vitu vinne. Kwanza, kingipini na tranioni mpya pande zote mbili, zilizoagizwa Uingereza kwa bei iliyoninyamazisha chakula kizima cha jioni. (Angalieni, hesi za kushoto hukatwa kinyume cha zile za kulia, kwa hiyo hazibadilishani.) Pili, bushi za plastiki ngumu mahali pa zile za mpira, kwa sababu injini ya Morris hudondosha mafuta, na mafuta huozesha mpira. Tatu, ncha za fimbo za usukani, pamoja na mifuko ya mpira ya reki, iliyokuwa imepasuka na kuingiza vumbi. Nne, shokomzoba za bomba kama za magari ya leo. Zile za zamani, katika barabara yenye makunyanzi, mafuta yake hupata moto yakawa mepesi, na pua ya gari ikaruka kama chura. Lakini kumbukeni nililosema: mkono wa shokomzoba ya zamani ndio mkono wa juu wa mguu. Hapana budi uachwe mahali pake. Za bomba huongezwa kando.

Nani wa kwanza kunionya juu ya ile fimbo iliyosokotwa? Baba, toka kitini. Kabla ya kulegeza nati yoyote sharti mkono wa chini uinuliwe kwa jeki, kisha ushushwe polepole mpaka fimbo imalize nguvu zake. Ukifungua bila hivyo, mkono huo hupiga chini kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Wala fimbo ya kushoto isitiwe kulia: chuma kilichosokotwa upande mmoja miaka 57 hakipendi kugeuzwa. Wala isikwaruzwe, kwani ufa huanzia penye mkwaruzo.

Kazi ilichukua majuma sita. Siku ya kulinganisha magurudumu Baba hakukubali twende mjini kwenye mashine. Aliomba chokaa na ufito ulionyooka. Nikatia alama mbele ya kila tairi kwa kimo cha katikati ya gurudumu, nikapima toka alama hata alama. Tukasukuma gari mpaka alama zikawa nyuma, nikapima tena. Mbele panatakiwa pawe pafupi kuliko nyuma kwa inchi 3/32, yaani karibu milimeta mbili na nusu. Macho yake hayakuweza kusoma rula, kwa hiyo nilisoma mimi, naye akanirudisha mara tano. Mara ya nne nilikuwa nimekosea kweli.

Kwanza shokomzoba mpya zilikuwa ngumu mno, gari likatutikisa meno. Zina skrubu ya kupunguza, nikazipunguza. Usukani ulirudi kuwa mwepesi, hata nikaona haya jinsi nilivyouzoea uzito ule na kuuita tairi.

Mama alikaa miezi mitatu akipanda basi. Kisha Jumapili moja alitoka na kikapu chake, akasimama mbele ya gurudumu la kushoto, akalitazama. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Baba:

"Imetiwa grisi?"

"Imetiwa."

"Kwa jeki?"

Kumbe naye alijua siku zote maana ya J. Baba akamwonyesha daftari. Mama hakuweza kusoma maandishi madogo hivyo kwa macho yale, lakini aliweka kidole penye safu ya mwisho, akaingia, akaketi nyuma.

Nitakuja nayo Siku ya Wazee wa Shule. Wanafunzi watakao kutazama chini yake na waje mapema, kabla ya hotuba, na nguo za kazi. Jeki nitaileta mimi.