Mti wa Furaha na Dawa ya Kuchemsha

Kiswahili hakibagui. Dawa ni ile anyweshwayo mtoto mwenye homa, na dawa vilevile ni ile anayotegewa panya darini. Sisi wanafunzi wa isimu aghalabu huutaja huu kuwa mfano wa neno lenye maana pana, kisha tukaupita. Nami nilikuwa nikiupita hadi shangazi yangu alipougua saratani ya utumbo mpana, akaanza kutiwa irinotekani mshipani.

Asili ya dawa hiyo ni Uchina. Mwaka wa 1966 wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani, wakiwa Marekani, walitangaza kemikali ya kamptothesini waliyoitoa katika mti ambao Wachina huuita xi shu, yaani mti wa furaha. Irinotekani ilitengenezwa baadaye kutokana na kemikali hiyo. Sumu yake hufungwa na ini, ikatolewa kupitia nyongo. Lakini ifikapo utumboni, bakteria waishio humo huifungua tena. Ikiwa huru, huunguza utando wa ndani wa utumbo. Msomaji aniwie radhi, hapa tasfida hazinisaidii: shangazi alihara hadi akawa hawezi kusimama pasi na kushikwa mkono.

Ndipo jirani alipoleta pakiti ya mizizi mikavu yenye maandishi ya Kichina, nami nikaitwa niisome. Jamaa zangu huamini kwamba anayesomea lugha moja chuoni amezisomea zote! Sikuitambua hata herufi moja, ila nilianza kutafuta.

Takriban miaka 1800 iliyopita, tabibu Zhang Zhongjing aliandika maagizo ya dawa ya kuchemsha iitwayo huang qin tang, kwa ajili ya wanaohara na kusokotwa na tumbo. Ina viungo vinne: mzizi wa huang qin, mzizi wa ua la shaoyao, mzizi mtamu wa gancao, na matunda ya dazao, ndugu wa kunazi zetu za pwani. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Yung-Chi Cheng na wenzake waliitengeneza upya wakaiita PHY906. Matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2010 yalionyesha kwamba panya waliopewa dawa hiyo pamoja na irinotekani walipona utumbo upesi zaidi, ilhali makali ya irinotekani dhidi ya uvimbe hayakupungua. Ni tumaini la haki, ingawa panya si shangazi.

Lakini Cheng na wenzake walipima kemikali za kila fungu ili lilingane na lililotangulia. Pakiti yetu ilipimwa na nani? Mapema katika miaka ya 1990, huko Brussels, wanawake waliotaka kupunguza uzito walipewa mmea mmoja badala ya mwingine kwa sababu majina ya Kichina yalifanana: yote mawili yana fang ji ndani yake. Figo zao ziliharibika, na baadhi yao wakapata saratani. Hata gancao, kwa utamu wake wote, ikizidi hupunguza potasiamu mwilini, madini yale yale ambayo mwenye kuhara anayapoteza.

Baba mkubwa alishauri dawa ichemshwe kimyakimya, daktari asijue, kwa maana madaktari hukemea. Nilimpinga kwa adabu niliyoiweza. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekata shauri: aliitia pakiti mkobani, pamoja na kadi ya kliniki.

Hakukemewa. Mfamasia aliuliza viungo vya pakiti, hakuna aliyeweza kumjibu, akaomba isitumiwe. Kisha daktari akauliza amehara kwa siku ngapi. Siku sita, shangazi akasema. Alidhani ndivyo dawa ilivyo, hakuona haja ya kulalamika. Jioni hiyo alilazwa, akatiwa maji, na kipimo cha irinotekani cha awamu iliyofuata kikapunguzwa.