Habari za Wageni

Sisi wa Majimoto tumezoea kuona maji ya moto yakitoka ardhini bila kuni, kwa hiyo nilipopeleka mchele Kipili, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 2019, sikutegemea maji yanishangaze. Kilichonishangaza ni maongezi. Mbele ya kijiji vimekaa visiwa, na katika kimojawapo, Lupita, ilijengwa hoteli ya watu wanaotoka mbali kuja kupumzika. Pale ufukweni watu waliulizana habari za wageni kama sisi tunavyoulizana habari za mvua: wamekuja wangapi, watalala siku ngapi, wanakula samaki?

Mama mmoja muuza chakula, ambaye mumewe aliendesha boti, alichukua magunia yangu mawili kwa mkopo. "Wageni wakija, kaka, nitakulipa."

Mwaka uliofuata korona ikafunga viwanja vya ndege duniani. Nilikwenda kudai. Njia nzima kupitia Namanyere nilipanga maneno makali (na mimi nina ulimi). Nikamkuta ameketi, jiko limepoa, watoto wanatazama mfuko wangu. Maneno yale sikuyatoa. Nilirudi na furushi la dagaa wakavu, na mke wangu akaninunia siku mbili.

Deni lile bado lipo. Siku hizi ndege ndogo ikipita juu ya majaruba yetu, mke wangu ndiye anayesimama, jembe mkononi, kutazama inaelekea upande gani.