Maua ya Manjano Uani

Msafiri atokaye Kigoma kwa barabara ya Rumonge huingia Bujumbura akiwa na Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia. Mji huu, ulioitwa Usumbura hadi mwaka 1962, uliacha kuwa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, Gitega iliposhika nafasi hiyo. Hata hivyo ungali mji mkuu wa biashara. Miti yake ya mapambo imetoka mbali: mkrismasi asili yake Bukini, mjakaranda asili yake Amerika ya Kusini.

Ndugu msomaji, katika nyua za miji yetu, huko na huku kwetu, hupandwa pia miti midogo miwili ya maua ya manjano. Mmoja ni tekoma, usiotisha. Wa pili ni thevetia, wenye sumu iuayo. Maua ya yote miwili yana umbo la tarumbeta. Kwa hiyo ua peke yake si ushahidi wa kutosha.

Anza na jani. La tekoma limegawanyika vijani kadhaa, vyenye kingo za meno kama msumeno. La thevetia halikugawanyika. Ni jembamba, refu, la kung'aa, wala halina meno. Kisha vunja kijiti: thevetia hutoa utomvu mweupe kama maziwa, tekoma hautoi. Ukiugusa utomvu huo, nawa mikono. Mwisho tazama tunda. Tekoma huzaa maganda marefu membamba. Thevetia huzaa tunda nene la kijani lenye pembe, ambalo huwa jeusi likiiva, na ndani mna kokwa gumu.

Mbegu za kokwa hilo ndizo za kuogopwa zaidi, ingawa mti wote una sumu. Alaye hutapika, kisha mapigo ya moyo huenda polepole na kuvurugika. Nchini Sri Lanka zimeua watu wengi. Maziwa si dawa yake. Mtoto akizitafuna, apelekwe hospitali papo hapo, pamoja na kijiti chenye jani na tunda, ili mganga ajue anapambana na nini.

Familia za askari huhamishwa mara kwa mara, na kila nyumba mpya ina miti iliyopandwa na wengine. Basi ikaguliwe kabla watoto hawajatoka kucheza. Thevetia ung'olewe, na majani yake mbuzi wasipewe.